Mluzi wa Ijumaa Asubuhi

"Kapita tena leo," alisema Bi Tyra Öberg. "Saa mbili kasorobo, kama ada yake. Nilikuwa hapa dirishani namwagilia ua langu."

Inspekta Gunvor Hallin aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. "Nani kapita, Bi Tyra?"

"Solveig. Nani mwingine? Gari limepanda kilima, limepiga mluzi, limeishia ukunguni."

"Ulimwona?"

"Ukungu huu utamwona nani, mwanangu? Hata wewe nimekuona ulipokwisha gonga mlango. Nimemsikia."

Gunvor alitia mkono mfukoni mwa koti akazigusa funguo mbili. Mmoja ulikuwa wa gari la Solveig Ramstedt, gari jekundu la milango miwili lenye umri wa miaka thelathini na mitatu. Wa pili ulikuwa wa kufuli la polisi, na kufuli hilo lilikuwa kwenye ghala la chumvi ya barabara kule kivukoni. Gari lilikuwa limefungiwa humo tangu Jumamosi ya tarehe nane. Leo ilikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Halikuwa limetoka hata hatua moja.

"Tangu apotee, umemsikia mara ngapi?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili." Bibi alimwongezea kahawa bila kumuuliza. "Jumapili huwa anakwenda kanisani kwa miguu."

Gunvor aliandika hayo neno kwa neno.

Huko nje, kisiwa cha Stenholma kilikuwa kimemezwa. Tangu Alhamisi iliyopita ukungu ulikuwa umekaa juu ya miamba kama mgeni asiyejua kuaga. Nyumba mia moja na ushee, kanisa moja juu ya kilima, gereji moja, duka moja, na barabara moja iliyotoka kivukoni upande wa kusini, ikapanda kilima cha kanisa, ikaishia kwenye gati la zamani la wachonga mawe upande wa kaskazini. Kwenye gati hilo ndiko gari lilikokutwa.

Gunvor alikuwa amelikariri faili. Solveig Ramstedt, miaka sitini na mitatu, mpiga kinanda wa kanisa, hana mume wala mtoto. Kila asubuhi hupanda kilima kwenda kufanya mazoezi, na turbo ya gari lake hupiga mluzi mwembamba unaosikika kisiwa kizima. Watu walirekebisha saa zao kwa mluzi huo. Ijumaa ya tarehe saba mashahidi saba walimsikia akipita saa mbili kasorobo. Jumamosi mpeleka barua akalikuta gari gatini, pua imeelekea baharini, hatua nane kutoka ukingoni. Ufunguo ulikuwa mahali pake, mkoba kitini, boneti imefungwa. Wapiga mbizi walishinda siku tatu wakitafuta upande wa mashariki, kulikoelekea upepo wa Ijumaa ile. Hawakupata hata kiatu.

Ndugu yake pekee, Hjalmar, alikuwa ameondoka kisiwani kwa kivuko cha saa nane mchana siku ya Alhamisi, kwenda Göteborg kwenye mkutano wa kwaya za wanaume. Alirudi Jumapili. Watu arobaini walimwona akiimba. Basi faili lilikuwa limekaribia kufungwa: mama mpweke, bahari, mwezi wa Novemba. Mkuu wa kituo alikwisha andika neno "huzuni" pembeni kwa penseli.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja uliomsumbua Gunvor kama mwiba wa samaki kooni. Fundi wa polisi aliyelitoa gari gatini Jumamosi ile alikuwa ameandika chini kabisa: *Gari limetambaa kilimani kwa gia ya kwanza. Halina nguvu.*

Alimshukuru Bi Tyra kwa kahawa, akashuka kwa miguu hadi kivukoni, akafungua kufuli.

Gari liliwaka kwa mkupuo wa kwanza. Ndani mlinuka ngozi kuukuu na peremende za mnanaa. Gunvor akaingiza gia, akatoka ghalani, akaanza kupanda. Alikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Injini iliguna, ikahema, ikapanda pole pole kama ng'ombe mwenye mimba. Alishusha kioo asikilize. Maji yakidondoka kwenye mapaa, matairi kwenye changarawe, basi. Mluzi haukuwepo.

Alipofika mkabala na nyumba ya Bi Tyra alipunguza mwendo zaidi. Bibi alikuwa bado dirishani, taa ikiwaka nyuma yake, hatua nne tu kutoka barabarani. Gari la Solveig lilipita chini ya pua yake, naye hakugeuza hata shingo.

* * *

Yngve Brask alikuwa na gereji yenye lifti moja, mwili wa watu wawili, na ugoro wa kudumu chini ya mdomo wa juu. Alifungua mlango mkubwa, akasimama akilitazama gari likiingia.

"Polisi mnaendesha kama mko nyuma ya jeneza," alisema. Kisha akakumbuka gari ni la nani, uso ukamshuka. "Samahani, Inspekta. Ulimi hauna mfupa."

"Nimekanyaga mpaka mwisho, Yngve. Ndiyo kasi yake hiyo."

"Haiwezekani. Gari hili nalijua kama mkono wangu. Hapo kilimani huwa linaruka."

"Basi niambie kwa nini haliruki. Lakini kila unachogusa, nakipiga picha kwanza. Na glavu uvae."

Alivaa. Akafungua boneti, akainama, akawasha taa ya kichwani. Alikuwa mmoja wa wale mashahidi saba. Gunvor aliikumbuka karatasi yake, maneno machache kuliko yote: *Nilimsikia akipita Ijumaa saa mbili kasorobo. Hakusimama.*

"Njoo uone," Yngve alisema. "Moshi wa injini unatoka kwa nguvu, unalizungusha hili konokono la chuma, ndiyo turbo. Likizunguka sana linaweza kuvunja injini. Kwa hiyo kuna kilango kidogo pembeni. Nguvu ikizidi, hiki kikopo kinasukuma hii fimbo, fimbo inafungua kilango, moshi unachepuka. Nguvu ikipungua, springi inakirudisha. Umenipata?"

"Kama mfuniko wa sufuria."

"Kama mfuniko wa sufuria. Sasa shika fimbo. Ivute."

Gunvor aliivuta kwa kidole na gumba. Haikutikisika.

"Imeganda," Yngve alisema. "Kutu na masizi kwenye kiwiko cha fimbo. Chumvi ya bahari hii haina rafiki. Lakini tazama imegandia wapi. Gari likilala, kilango hulala kimefungwa, springi ndiyo inakilaza. Hiki kimeganda wazi. Kilifunguka siku moja linapanda kilima, kikagoma kurudi. Tangu hapo moshi wote unachepuka, turbo hailishwi. Gari linakuwa zito."

"Na mluzi?"

"Mluzi utatoka wapi? Turbo haizunguki ya kutosha hata kupuliza mshumaa."

Alisema hivyo akaendelea kuinama, maana mikono yake ilikuwa mbele ya akili yake. Gunvor hakumharakisha. Alipiga picha ya fimbo, na kwenye kioo cha kamera akaona kitu: mikwaruzo miwili sambamba, chuma kikimetameta kipya.

"Hii nini?"

"Koleo," Yngve alisema. "Kuna mtu kaibana hapo akaivuta."

"Wewe?"

Akainuka, akamtazama. "Mimi nikiacha alama kama hizo, nifunge gereji nikachunge kondoo. Na gari hili sijaligusa tangu Agosti. Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu. Mtu anaweza kulilegeza gari hivi kwa makusudi?"

"Anaweza. Lakini aliyeshika koleo hili alikuwa akivuta upande wa kufunga. Ona mikwaruzo inavyoteleza. Huyu hakuwa anaharibu. Alikuwa anatengeneza, masikini, na nguvu zikamshinda."

Gunvor alivuta stuli, akaketi. "Fungua zaidi. Nataka kujua kiliganda lini."

Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Yngve alipulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye boliti za eksozi, akangoja, akapulizia tena. Kila mara chuma kilipopoa kililia *tik*, na kila mara wote wawili waligeuza macho mlangoni, kisha wakajifanya hawakugeuza. Ukungu ulikuwa umefika hadi kizingitini. Ulisimama pale bila kuingia.

Alipoitoa ngao ya joto, ile karatasi ya chuma inayofunika turbo, kitu kikaporomoka kikanasa kwenye bomba chini yake.

"Acha hapo hapo!" Gunvor aliinuka.

Alipiga picha tatu, akakitoa kwa kibano. Ilikuwa tochi ndogo ya rangi ya buluu, nene kama kidole, plastiki yake imeungua upande mmoja. Juu yake palikuwa na kibandiko chenye herufi S na noti ya muziki.

"Yake hiyo," Yngve alisema kwa sauti ya chini. "Huiweka kinandani, asomee noti."

Gunvor aliigeuza polepole. Swichi ilikuwa imesukumwa mbele. Imewashwa. Betri ndiyo iliyokufa. Tochi hii ilikuwa imewaka humo ndani, chini ya boneti iliyofungwa, ikimulika chuma kisicho na mtu, mpaka ikazimika yenyewe.

"Yngve. Wewe ukiwa unafanya kazi, tochi yako inawaka hapo ndani. Unaweza kufunga boneti?"

"Mpaka niwe nimelewa."

"Solveig alikuwa mlevi?"

"Solveig? Alikuwa anahesabu hata vijiko." Akaitazama tochi tena. "Basi boneti hii hakufunga yeye."

"Na koleo liko wapi? Sikuliona kwenye orodha ya vitu vya garini."

Yngve alifuta mikono, japo ilikuwa kwenye glavu. "Labda alikuwa nalo mkononi," alisema.

Wakaachia hapo neno hilo, lisigeuzwe wala kuokotwa.

* * *

Bomba la eksozi lilipotoka, Yngve aliingiza kioo kidogo cha mkono, akamwita Gunvor. Kwenye tundu ambalo kilango kilipaswa kulifunika, masizi yalikuwa yametanda sawasawa, meusi, laini kama mahameli.

"Kilango kingekuwa kinafunga, hapa pangekuwa na duara safi, kama kikombe kwenye meza ya vumbi. Hapana duara. Hii si ya safari moja, Inspekta. Gari limetembea hivi siku kadhaa. Nne. Tano. Ndipo likaegeshwa."

"Liliegeshwa Ijumaa. Ukirudi nyuma siku nne?"

"Jumatatu." Yngve alisema, kisha akakishusha kioo. "Ngoja. Jumatatu. Alinipigia simu Jumatano."

"Nani?"

"Solveig! Alisema, 'Yngve, gari langu limekuwa zito, tangu juzi limepoteza sauti.' Nikamtania, nikamwambia wewe ndiye umezidi uzito kwa mikate ya mdalasini. Akacheka. Nikamwambia alete Ijumaa asubuhi, akipita tu aingie."

Gunvor alihisi kitu kikikaa mahali pake, kama boliti inapoingia kwenye nati yake. "Hukusema hayo kwenye maelezo yako."

"Hamkuuliza. Mliuliza kama nilimsikia."

"Na ulimsikia."

"Nilimsikia! Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nimemfungulia kabisa. Saa mbili kasorobo. Ukungu ulikuwa umefunga kama leo, gari sikuliona, lakini mluzi ukatoka kule chini, ukapanda, ukapita mbele yangu, ukaenda. Nikasema, kumbe gari limejiponya lenyewe, na mwenyewe kaniona sina maana, hata honi hakupiga. Nilichukia siku nzima. Nilimchukia, Inspekta, na kumbe..."

"Yngve." Gunvor alisema taratibu, kama anayemshika mkono mzee kwenye ngazi. "Tazama hicho kioo. Gari hili Ijumaa lingeweza kupiga mluzi?"

Fundi alitazama kioo. Akaitazama ile fimbo. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja, na sasa mkono wake mwenyewe ulikuwa umemkamata akisema uongo.

"Halingeweza," alisema.

"Basi ulisikia nini?"

Fundi aliketi kwenye tairi kuukuu, ugoro ukamdondoka mdomoni, hakuona.

Gunvor alifungua daftari ukurasa wa asubuhi. Bibi mmoja anasikia gari lililofungiwa ghalani. Kila siku, isipokuwa Jumapili. Watu wa Stenholma walikuwa wamesikia mluzi huo asubuhi zote za miaka thelathini. Saa ikifika, masikio yao yaliutoa yenyewe. Mashahidi saba, waungwana wote, hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyesikia chochote. Ijumaa ile haikuwa na Solveig. Na bila Ijumaa, siku ya mwisho ambayo mtu yeyote alimwona Solveig Ramstedt kwa macho ilikuwa Alhamisi. Alhamisi, kabla ya kivuko cha saa nane.

"Nieleze kitu kingine," alisema. "Mtu anataka kuona kama fimbo hii inasogea. Anafanyaje?"

"Hawezi peke yake. Mmoja anainama hapa na tochi, mwingine anakaa ndani anakanyaga mafuta." Yngve alitikisa kichwa. "Na ni kazi bure. Gari likisimama turbo haipandi kiasi hicho. Lakini watu hufanya. Hawaulizi."

"Solveig angemwomba nani?"

Yngve alinyanyua uso. Watu wa kisiwa hiki hawakuwa wepesi wa kutaja majina. Alitazama juu ya kilima, upande wa kanisa, ambako kulikuwa na nyumba ya njano ambayo kwa leo haikuonekana.

"Rekebisha gari," Gunvor alisema. "Nina picha zote. Nataka kulisikia."

Yngve alikipasha kiwiko moto kwa mwali wa gesi, akakipulizia mafuta, akakigonga kwa nyundo ndogo ya shaba. Moto, mafuta, nyundo, mara ishirini. Mara fimbo ikalia kwa mlio wa panya, ikasogea upana wa ukucha. Akaishika, akaipeleka na kuirudisha, akaipeleka na kuirudisha, mpaka kutu ikatoka kama unga mwekundu. Akakwangua masizi, akapaka grisi ya joto kali. Akafunga pampu ya mkono kwenye bomba la mpira la kile kikopo, akapampu: fimbo ikatoka, kilango kikafunguka. Akaachia: *tap*. Kikafunga.

"Hiyo ndiyo sauti niliyotaka Ijumaa," alisema.

* * *

Ilikuwa saa saba mchana walipotoka, Gunvor kwenye usukani, Yngve pembeni yake na simu ikirekodi. Ukungu ulikuwa mweupe na mzito kiasi kwamba taa za mbele zilimulika ukuta. Walianzia chini kabisa, kivukoni. Gunvor akakanyaga.

Mwanzoni palikuwa kimya. Kisha kutoka mahali fulani mbele ya miguu yake sauti ikaanza, nyembamba, ikapanda, ikawa mluzi. Wa mtu anayeita mbwa wake kutoka ng'ambo ya maji. Gari likaruka. Dirisha la kwanza likafunguka kushoto, kisha la pili. Vichwa vikatoka. Hakuna aliyeita jina. Mtu mmoja barabarani alivua kofia.

"Mungu wangu," Yngve alisema. "Sio hii."

"Nini?"

"Niliyoisikia Ijumaa. Ilikuwa tamu zaidi."

Walilipita kanisa. Barabara ikanyooka, na upande wa kulia nyumba ya njano ikajitokeza ghafla, karibu kuliko Gunvor alivyotegemea, na mtu alikuwa katikati ya njia.

Alikanyaga breki. Gari likasota, likasimama.

Hjalmar Ramstedt, miaka sitini na saba, alikuwa amesimama na soksi kwenye matope, shati limefungwa vifungo kombo, mikono miwili mbele kama mtu anayepokea mtoto. Mdomo wake ulikuwa ukitamka jina. Alikuja mbio upande wa dereva, akashika kioo, akainama. Akamwona Gunvor.

Alizeeka pale pale. Gunvor alikuwa ameona watu wengi wakizipokea habari, lakini hajaona uso ukifungwa namna ile, kama duka.

"Nilidhani..." Hjalmar alisema.

"Ulidhani nani?" Gunvor alizima injini, akashuka. "Bwana Hjalmar, huna lazima ya kunijibu, na una haki ya wakili. Unanielewa? Nataka kukuuliza habari ya Alhamisi."

"Nilikuwa Göteborg. Ijumaa nilikuwa Göteborg, watu walini..."

"Sijataja Ijumaa."

Hjalmar alimtazama Yngve aliyekuwa ameshuka upande wa pili. Walikuwa wameimba kwaya moja miaka ishirini. "Yngve," alisema, "ulinipigia simu Jumamosi."

"Nilikupigia. Kukwambia gari limeonekana gatini, tunamtafuta."

"Ukasema, 'Ijumaa kapita, sote tumemsikia.' Unakumbuka? Mimi nilikuwa nimekaa kitandani hotelini. Tangu Alhamisi sikuwa nimelala. Ukasema kapita Ijumaa." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Nikajua katoka majini. Nililia kwa furaha, Yngve. Nikasema, kaogelea, katokea upande wa pili, kanikasirikia ndiyo maana kajificha. Siku nzima nilijua yu hai. Niliporudi nikapika, nikaweka sahani mbili."

Yngve alishika mlango wa gari.

"Alhamisi," Gunvor alisema.

"Alikuja saa tano. Akasema gari limepoteza sauti, njoo unikanyagie mafuta, twende gatini kuna usawa. Akafungua boneti, akaingiza kichwa. Akaniambia kanyaga. Nikakanyaga. Akasema zaidi! Mimi gari langu halina gia za mkono, Inspekta, sijashika klachi miaka kumi na tano. Mguu uliteleza. Lilikuwa kwenye gia. Liliruka mara moja tu. Mbele yangu palikuwa na boneti, sikuona kitu. Nikamwita. Nikashuka. Hapakuwa na mtu, palikuwa na maji."

"Hukumwita yeyote."

"Nililirudisha nyuma. Nikafunga boneti. Sijui kwa nini nilifunga boneti. Nikaenda kivukoni." Alitazama soksi zake. "Nikaimba."

"Aliangukia upande gani?"

Akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Kushoto. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, uliichukua kofia yake."

Upepo wa mashariki. Gunvor alikuwa na simu sikioni kabla hajamaliza kulifikiria. Wapiga mbizi walikuwa wamepewa upepo wa Ijumaa, uliotoka magharibi. Walikuwa wamechimbua bahari isiyo yake. "Hesabuni upya," aliwaambia walinzi wa pwani. "Alhamisi, kati ya saa tano na saa nane. Upande wa magharibi wa gati."

Hjalmar aliomba avae viatu. Gunvor alimruhusu, akaingia naye. Jikoni mezani palikuwa na sahani mbili.

* * *

Walimpata Solveig kabla ya saa kumi, mwanga ukikaribia kwisha, kwenye kighuba kilicho nyuma ya machimbo ya mawe ambako hakuna nyumba. Mashua ya polisi ilimchukua Hjalmar kwenda bara. Kama ilikuwa bahati mbaya au la, Gunvor hakujua bado. Mguu kuteleza ni jambo moja, kufunga boneti ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili palikuwa na maswali ya wiki nzima.

Alirudi gereji na karatasi mpya. Mashahidi saba ilibidi waandikishwe upya, na alitaka kuanza na aliye mgumu zaidi. Yngve alikuwa amekaa pale pale kwenye tairi lake, mlango mkubwa wazi.

"Andika mwenyewe," Gunvor alisema. "Kwa maneno yako."

Fundi alichukua kalamu. Mkono uliotoa boliti zenye kutu asubuhi nzima bila kuvunja hata moja ulichukua muda mrefu kuandika mstari mmoja. Alimpa. *Ijumaa tarehe saba, gari la Solveig Ramstedt halikupita mbele ya gereji yangu.*

"Na mluzi?"

"Weka kwamba halikupita. Hilo naweza kuapa. Nimeona masizi kwa macho yangu."

"Hakimu atauliza ulisikia nini, Yngve. Lazima iandikwe kwamba hukusikia kitu."

Alirudishiwa karatasi. Akaandika: *Sikusikia kitu.* Akatia sahihi, akaweka tarehe, akaifunika kalamu kwa makini. Kisha akamtazama Gunvor kwa macho ya mtu anayeomba radhi.

"Lakini nilisikia, Inspekta," alisema.